Honda CB350 ya mbio za kale: vipuri vilivyobaki kwenye pikipiki na vilivyorudi kwenye boksi

Haya wakuu, karibuni tena karakanani. Leo sina boksi jipya la kufungua. Nina pikipiki iliyokwisha kufungwa, hii hapa nyuma yangu juu ya stendi, na nina meza nzima ya vipuri nilivyoinunulia tangu nianze kuijenga. Vingine viko juu yake, vingine vimerudi kwenye mifuko vilikotoka. Tutavipitia, na nitasema kipi kilistahili pesa na kipi kilikuwa mbwembwe.

Kwa mliojiunga leo: hii ni Honda CB350 ya silinda mbili, ile ya 1968 hadi 1973. Jina linasema 350 lakini injini ni cc 325. Pistoni ina upana wa milimita 64 na mwendo wake ni milimita 50.6, kwa hiyo ni injini fupi inayopenda kuzunguka kwa kasi. Kiwanda kilitangaza nguvu farasi 36 kwenye mizunguko 10,500. Kwa pikipiki ya barabarani ya miaka ile hiyo si haba, na ndiyo maana watu wa mbio za kale wanaipenda. Ziliuzwa nyingi mno, vipuri bado vinapatikana, na ukiharibu hedi, yaani kichwa cha injini, hulii kama aliyeharibu hedi ya Matchless G50, pikipiki adimu ya mbio za zamani.

Sasa nianze na kosa langu. Kipuri cha kwanza nilichonunua kilikuwa kabureta. Najua, najua. Kila anayejenga pikipiki ya mbio anaanza na kitu cha kuongeza mwendo, halafu siku ya kwanza kwenye kona anagundua hana cha kuupunguza. Kwa hiyo leo nafuata mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya, na unaanzia huku chini.

Ngoja nisogeze kamera. Hapo. Mnaona hii dramu ya breki ya mbele? Ni ya kiwandani, ina shuu mbili, vile viatu vya breki vinavyobana dramu kwa ndani, na zote zinaongoza. Maana yake dramu ikizunguka inazivuta shuu zote mbili zijikandamize zaidi, kinyume na dramu ya kawaida ambapo moja inavutwa na nyingine inasukumwa nyuma. Ni breki nzuri. Wengi wanaing'oa na kutafuta dramu kubwa ya Italia yenye shuu nne kabla hawajaijaribu hii ikiwa imefungwa vizuri.

Nilichonunua mimi ni shuu mpya zilizobandikwa lainingi ya mbio, yaani ule utando wa msuguano unaogusa dramu. Nikazifunga, nikazungusha gurudumu, nikabana lever. Breki laini kama sifongo. Nikalaumu lainingi, nikalaumu kebo, nikabadilisha kebo. Bado. Halafu nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: nikachukua chaki nikaipaka ndani ya dramu, kote, ikawa nyeupe. Nikarudisha shuu, nikazungusha gurudumu huku nimegusa breki kidogo tu, nikafungua.

Tazameni hii picha niliyopiga siku ile. Lainingi yote ni nyeusi, isipokuwa hapa katikati kuna alama nyeupe ya upana wa vidole viwili. Basi. Shuu nzima, na kinachofanya kazi ni vidole viwili! Mviringo wa lainingi ulikuwa mdogo kuliko mviringo wa dramu, kwa hiyo katikati inagusa na pembeni kote kuna hewa. Dawa yake ni kuzifunga shuu kwenye sahani yake, ukaiweka yote kwenye mashine ya kukereza, ukachonga lainingi hadi ilingane na dramu. Nilitoa unga kidogo sana, na nilivaa barakoa, maana vumbi la lainingi si la kuvuta, na lainingi za zamani zina asbesto. Hizo usizichonge kabisa.

Baada ya hapo chaki ikaonekana karibu kila mahali. Kisha kuna hiki kijiti kinachounganisha mikono miwili ya breki hapa nje. Kina nati ya kurekebishia, na kama hakijawekwa sawa, shuu moja inafika mapema na ya pili inakuja kama mgeni aliyechelewa harusini. Legeza kijiti, sukuma mkono wa kwanza hadi shuu iguse, sukuma wa pili hadi yake iguse, ndipo ukaze nati. Ni kazi ya dakika kumi, haina gharama yoyote, na ndiyo iliyobadilisha pikipiki hii kuliko kitu chochote kilichopo mezani. Lainingi naipa alama za juu, ila mjue inauzwa kama kipuri cha kufunga na kwenda. Si hivyo. Ni nusu ya kipuri, nusu nyingine ni mashine ya kukereza.

Matairi sitayazungumzia sana. Inchi 18 mbele na nyuma, chapa Avon, ya kutengenezwa kwa ajili ya pikipiki za umbo hili. Chochote mtakachobana matumizi, msibane hapa. Mwaka 1950 Geoff Duke, mwendesha mbio wa Uingereza, alikuwa na Norton ya silinda moja, ile yenye fremu mpya iliyobuniwa na Rex McCandless, ambayo mpaka leo inaitwa Featherbed, yaani kitanda cha manyoya. Gilera za Italia zilikuwa na silinda nne na nguvu zaidi. Kule kwenye mbio za kisiwa cha Isle of Man, Norton wakachukua nafasi tatu za kwanza, mbio za Senior (cc 500) na za Junior (cc 350) zote mbili. Fremu ilifanya kazi yake. Lakini Ubelgiji na Uholanzi matairi ya Duke yakabanduka mpira, na ubingwa wa dunia ukaenda kwa Umberto Masetti wa Gilera kwa alama 28 dhidi ya 27. Alama moja. Kila nikitaka kununua tairi la bei nafuu huwa namkumbuka Duke.

Haya, kabureta. Hapa najua ndipo wengi mlipokuja.

Za kiwandani ni zile zinazoendeshwa na mvuto wa hewa, zina mpira mwembamba ndani unaonyanyua slaidi, kile kizibo kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa. Kwa barabarani ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba mpira ule ukizeeka unatoboka, na kwenye mbio unataka slaidi itii mkono wako moja kwa moja. Nilinunua Mikuni VM za milimita 30, slaidi ya mviringo, kebo mbili. Zimetengenezwa vizuri; slaidi inateleza bila kukwama, skrubu ya hewa iko mahali panapofikika, na jeti zake, vile vijitundu vya kupitishia mafuta, zinapatikana kirahisi. Muuzaji wa seti yangu aliandika kwamba zimekwisha kuwekwa jeti za CB350. Zilikuwa na jeti, ndiyo. Za CB350 ya nani, sijui.

Siku ya kwanza silinda ya kushoto ilivuma vizuri, ya kulia ikawa inakohoa ukiachia mkono wa mafuta. Nikaongeza jeti ya kulia. Ikapungua kidogo. Nikaongeza tena. Wiki mbili nacheza na jeti! Plagi ya kulia inatoka nyeupe pee, dalili ya hewa nyingi na mafuta kidogo, na silinda ya namna hiyo inapata joto hadi pistoni inatoboka. Mwishowe nikaiacha injini ing'urume taratibu nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio, tone kwa tone, kizima moto kikiwa mguuni. Nilipofika kwenye flanji ya kulia, pale kabureta inapoungana na injini, injini ikabadilika sauti papo hapo. Hewa ilikuwa inaingia pale.

Na aliyeiharibu ni mimi. Flanji ni ya aluminiamu, inashikwa na nati mbili pembeni, na mimi nilizikaza kama nakaza gurudumu la lori. Ikapinda katikati. Ukiiweka juu ya kioo na kupitisha fila geji, bapa jembamba la kupimia mwanya, ya milimita 0.10, ilipita bila kugusa. Nikabandika msasa namba 400 kwenye kioo, nikaisugua kwa mwendo wa umbo la namba nane hadi ikawa bapa, gasketi mpya, nati nikakaza kwa mkono mwepesi. Nikarudisha jeti zilezile za mwanzo. Kikohozi kikaisha.

Somo la bure la kusawazisha slaidi mbili: chukua ncha mbili za keekee zinazolingana kipenyo, weka moja chini ya kila slaidi, kisha vuta mkono wa mafuta polepole sana. Ncha zote mbili zinatakiwa ziachiliwe kwa wakati mmoja. Ikianguka moja, rekebisha kebo ya mwenzake. Hakuna mashine hapo, na kwa kuanzia inatosha kabisa.

Kwa jeti kuu, anza na kubwa, punguza. Mafuta mengi yanakupa pikipiki nzito. Mafuta machache yanakupa injini ya kununua. Endesha mkono wazi, vuta klachi na uzime injini papo hapo, kisha ndiyo utoe plagi uisome. Ukirudi taratibu hadi karakanani plagi inakusimulia habari za kurudi.

Je, zimeongeza nguvu? Kwenye mizunguko ya juu, ndiyo, nasikia tofauti. Kwenye mizunguko ya chini nimepoteza kidogo. Kama unakwenda nayo sokoni, acha zile za kiwandani.

Hendeli fupi za kushika kwenye shokapu: nzuri, imara, ila zilikuwa zinagonga tangi ukikata kona yote. Ilibidi nichomelee kizuizi kwenye fremu ili vidole visibanwe. Pedali za miguu zilizosogezwa nyuma: hizi nazisifu bila ila. Zimekerezwa vizuri na zina matundu matatu ya kuchagua urefu wa mguu. Kumbukeni tu kwamba kwa jinsi nilivyofunga mkono wa gia, gia zimegeuka: ya kwanza juu, nyingine chini. Siku ya kwanza nilishuka gia nikidhani napanda. Injini ilipiga ukelele hadi mbwa akakimbia.

Mfumo wa kielektroniki wa kuwashia cheche badala ya pointi za zamani: umefungwa, umewaka, sina la kusema. Hivyo ndivyo kipuri kizuri kinavyotakiwa kuwa.

Pistoni kubwa. Ziko hapa, bado ziko kwenye mfuko wake. Sijazigusa na sitazigusa msimu huu. Kemushafti ya injini hii, ile shafti inayofungua vali, haina beringi, inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu, kwa hiyo kabla ya kuongeza nguvu nataka niwe na uhakika wa oili. Chujio lake ni lile bakuli linalozunguka na kutupa uchafu pembeni, hakuna chujio la karatasi. Mtu akisahau kulisafisha, hedi ndiyo inayolipa. Na kabla hamjaniuliza: hapana, sitii mafuta ya nyonyo. Najua harufu yake ndiyo harufu yenyewe ya mbio za zamani, hata jina la Castrol limetokana nayo. Lakini yanaacha gundi ndani, na klachi ya hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Pakeni masikioni mkitaka harufu.

Kabla sijafika kwenye tangi, tazameni hii bolti ya kumwagia oili. Huu waya wa milimita 0.8 umepita kwenye tundu la milimita 1.5 nililotoboa kwenye pembe ya kichwa chake, ukasokotwa, ukafungwa kwenye fremu. Uvutano wake lazima uende upande wa kukaza. Ukiufunga kinyume, waya unaisaidia bolti kulegea. Wakaguzi wa mbio wanaangalia hapa kabla ya kukuangalia usoni. Koleo la kusokotea nililonunua ni zuri. Ncha za keekee nimevunja saba.

Na la mwisho, tangi la faiba. Zuri jamani, jepesi, mistari yake ni ya miaka ya sitini kabisa. Nililiweka petroli yenye ethanoli kwa wiki tatu. Mnaona hapa kwenye mdomo? Kucha inazama. Resini imelainika, na ule ute wake ndio niliokuta umekauka kwenye sindano ya kabureta. Nimerudisha tangi la chuma la Honda lenye kibonyeo chake. La faiba liko kwenye boksi lake pale chini, na paka ameshalalia juu yake.