Kusafishwa mzizi wa gego huku bega lina chanjo: dawa zilizonituliza

Naanza na ganzi, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Nilikwenda kusafishwa mzizi wa gego la chini wakati bega bado linauma kwa chanjo ya nyongeza ya UVIKO-19. Mnaujua ule ujumbe uliozunguka WhatsApp, kwamba aliyechanjwa akichomwa ganzi anakufa. Uzushi mtupu. Nilimwambia daktari habari ya chanjo, akaiandika kwenye faili, akanichoma lidokaini kama mgonjwa mwingine yeyote. Mdomo ulikufa ganzi, mimi sikufa.

Kazi yenyewe haikuuma. Kilichonikera ni harufu: dawa ya kuoshea ndani ya mzizi ni jamaa yake jiki, na hata wakikuwekea ule mpira wa kulitenga jino, pua inaipata tu.

Maumivu huja ganzi ikitoka, na hapa daktari alinisaidia kweli: usisubiri liume. Nikakoroga uji, nikameza brufeni ya miligramu 400 pamoja na panadoli mbili za 500 mdomo ukiwa bado mzito, kisha nikaendelea kwa kufuata saa. Zikienda pamoja zinashika kuliko kumeza moja peke yake. Panadoli zisizidi nane kwa siku. Brufeni nayo si ya kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu au ujauzito aulize kwanza. Ukishachanjwa, hakuna ubaya kuzimeza.

Usiku nilipata joto kidogo, mke wangu akawa ameshavaa viatu twende hospitali. Homa ya chanjo huisha ndani ya siku moja au mbili. Inayokuja na uvimbe unaokua, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni ya jino na haingoji kupambazuke. Yangu ilikatika.

Duka la dawa la mtaani walinisukumia amoksilini, nikawaachia. Haitulizi maumivu, ni ya kupambana na maambukizi, na daktari hakuiandika.

Sasa lawama. Baada ya kuziba, kliniki hawakuangalia vizuri namna meno yanavyokutana. Kila nikifunga mdomo gego lile linatangulia kugonga, kwa hiyo maumivu mengine yalipokwisha, ya kutafuna yakabaki palepale. Nikarudi. Wakanipa karatasi ya bluu niing'ate, wakaona lilipoacha alama, wakasaga kidogo sana. Jioni nilikula chapati. Hawakunitoza, sawa, lakini hilo lilikuwa la kufanywa siku ileile.

Halafu bei. Walinitajia ya kusafisha na kuziba, kuhusu kofia ya jino kimya, ilhali wanajua gego lililotolewa neva hupasuka kirahisi lisipovikwa. Nitarudi kwao kwa sababu mkono wao hauumizi, ila safari hii sikai kwenye kiti kabla bei yote haijaandikwa.