Ateli ya kidole gumba (kifaa kinacholishika gumba lisisogee): uzoefu wangu na maumivu ya kifundo cha mkono, Lubumbashi

Nashona nguo katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, na kazi yangu karibu yote inategemea gumba la mkono wa kulia: makasi, pini, pasi ya makala. Maumivu yalianzia ubavuni mwa kifundo cha mkono, upande wa gumba, pale penye kimfupa kinachojitokeza. Kukata kitambaa cha bazini kukanishinda, halafu kusonga bukari, yaani ugali. Kumwinua mtoto kwa kumshika makwapani ndiko kulikonitoa machozi.

Duka moja la dawa liliniuzia mkanda wa elastiki wa kuzungushia mkono. Mikanda hiyo inauzwa kila mahali mjini, na kwa ugonjwa huu haifai. Inabana kifundo tu, gumba linabaki huru, na gumba ndilo lenye shida. Kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyenipokea baadaye aliuona, akasema: “Mama, hii mukanda haisaidie kitu, kidole kikubwa iko inatembea tu.”

Alinikunjisha gumba ndani ya ngumi, akaulaza mkono polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga kelele. Kipimo hicho huitwa cha Finkelstein, na ugonjwa wenyewe ni wa De Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kano mbili zinazosogeza gumba hupita pamoja ndani ya ala nyembamba, yaani ngozi ya ndani inayozifunika, juu ya kile kimfupa. Ala ikinenepa, kano hazitelezi vizuri, na kila gumba linapovutwa zinakwaruzana. Huwapata sana akina mama wenye watoto wachanga. Kama vidole vyako vinakufa ganzi usiku, huenda ni ugonjwa mwingine; nenda upimwe.

Ateli niliyonunua ni ya kitambaa chenye sponji, ina mikanda mitatu ya kunata na kipande cha alumini kinachofuata gumba hadi kwenye kifundo. Nililipa chini ya dola 20. Alumini hiyo ndiyo yenye thamani. Kine aliitoa, akaikunja kwa mkono hadi gumba langu likasimama kama la mtu aliyeshika glasi, akairudisha mahali pake. Bila kukunjwa hivyo ilikuwa inanisukuma gumba nyuma, na maumivu yanazidi.

Kwa jicho la mshonaji: mishono ya pembeni ni dhaifu. Utepe wa ukingo, pale kati ya gumba na kidole cha shahada, uliachia mapema na kunichubua. Niliushona upya na kuweka kipande cha pamba laini chini yake, tangu hapo hakuna kidonda. Jasho la mwezi wa kumi ni kero kweli. Toa alumini, fua kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini.

Niliivaa mchana na usiku kwa zaidi ya mwezi. Niliivua wakati wa kunawa na wa kunyoosha kidole taratibu, kama nilivyoonyeshwa. Vidonge vya kupunguza uvimbe sikumeza kwa sababu nina vidonda vya tumbo; nilipaka jeli ya diklofenaki. Shangazi alitaka kunikanda kwa nguvu na mafuta ya moto, nikamwomba aache, kwa sababu kubonyeza ala iliyovimba kunaichokoza zaidi. Mtoto nilianza kumwinua kwa kupitisha viganja chini ya makalio yake, na hilo lilinisaidia karibu sawa na ateli.

Maumivu ya usiku yaliisha kwanza, ya kukata kwa makasi yakaisha mwisho. Sikufika kwenye sindano ya kortizoni. Inawasaidia wengi, ila kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha doa jeupe palipochomwa, na inapandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema. Upasuaji wa kufungua ala huja pale ambapo hayo yote yameshindwa.

Ningeinunua tena, hata kwa utepe ule mbovu. Hakikisha ni ya mkono wako, wa kulia au wa kushoto, na upime mzunguko wa kifundo kwa futi ya fundi kabla ya kutoka nyumbani. Ivae hapohapo dukani, ufunge mikanda yote, kisha ujaribu kugusisha gumba na kidole cha mwisho. Vikigusana, irudishe.