Siku nne Jambiani na watoto wawili wadogo: uzoefu wangu

Nilipokuwa nikitafuta nyumba ya kupanga upande wa mashariki wa Unguja, nilikutana na malalamiko mengi ya wageni kwamba Jambiani hakuogeleki, kwa sababu bahari hukupwa ikaenda mbali na kumwacha mtu akitazama mchanga mtupu. Nilikaribia kughairi. Sasa, baada ya kulala huko siku nne na mume wangu, binti yetu wa miaka mitatu na nusu na mdogo wake wa miezi 18, nadhani malalamiko yale yaliandikwa na watu wasio na watoto wadogo, au waliowaacha kwa bibi yao.

Tulivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, mwezi wa Julai, kusi ikivuma, na safari nzima huchukua saa mbili hivi. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuketi mbele kabisa ili watoto waone bahari, bila kufikiri kwamba mbele ndiko boti inakopigwa zaidi na mawimbi. Hatujafika hata nusu ya njia binti alikuwa ameshatapikia gauni lake na langu. Mhudumu aliyetuletea mifuko alituambia kwa upole, "Dada, wenye watoto hukaa nyuma, tena chini." Tuliporudi nyuma mtikisiko ulipungua, lakini nguo za kubadili zilikuwa ndani ya begi lililorundikwa na mizigo ya watu wengine, kwa hiyo binti alishuka bandari ya Malindi, hapo Unguja, akiwa amefungwa kanga yangu.

Gari tuliloagizia kupitia nyumba hiyo lilikuja kwa wakati, ila kiti cha mtoto tulichoahidiwa hakikuwemo, nami nilimpakata mdogo kwa zaidi ya saa moja ya barabara. Afadhali matuta ya msitu wa Jozani, yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju, yalimlazimisha dereva kwenda taratibu.

Nyumba yenyewe ni safi, ina jiko lenye jokofu, na tuliilipia shilingi 130,000 kwa siku. Kasoro yake kubwa haionekani kwenye picha hata moja: vyumba vyote vya kulala viko juu, na ngazi ni za saruji, hazina kilango, na upande mmoja hazina hata cha kushikilia. Usiku wa kwanza tuliteremsha magodoro tukalala sebuleni, na tuliendelea kulala hapo mpaka siku ya kuondoka. Maji ya bomba hutoka kisimani na yana chumvi, jambo ambalo mtu mzima hulizoea mara moja, lakini mdogo wetu alikuwa na vipele vya nepi na alilia kila tulipomwosha, hadi tulipoanza kununua maji ya dumu ya kumsuuzia.

Msimamizi wa nyumba, mama wa makamo tuliyemwita Bi Mkubwa kama walivyomwita majirani, ndiye aliyetufanya tusihame. Chandarua chetu kilikuwa na tundu lililofungwa fundo. Alileta kingine usiku uleule. Hakutuuliza sisi tunapenda kula nini, aliuliza watoto wamezoea nini, na kesho yake akapika boko boko laini lisilo na pilipili ambalo mdogo, anayekataa karibu kila kitu, alilimaliza sahani nzima.

Turudi kwenye bahari. Tulifika siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu, na ilipofika saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekwenda karibu na mwamba, yakiacha vidimbwi vya vuguvugu visivyofika magotini mwa mtoto wa miaka mitatu. Hapakuwa na wimbi. Mdogo aliketi ndani ya kidimbwi kimoja akipiga maji kwa viganja kwa karibu saa nzima, wakati dada yake alikuwa ameinamia kiti cha pweza chekundu, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akingoja kitembee. Kuna miiba ya bahari kwenye mawe, hivyo viatu vya mpira ni lazima. Pia kuna mashamba ya mwani, na hapo tulipata aibu kidogo: binti alishika kamba iliyofungwa kwenye vijiti akaanza kuivuta, na mama mmoja aliyekuwa akivuna karibu naye akamwambia bila ukali, "Usiikate, mwanangu, hiyo ndiyo ada ya skuli." Tangu hapo tulipita kando.

Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Siku ya kwanza kupwa kuliangukia saa nne, jua likiwa bado linavumilika na usingizi wa mchana haujafika. Siku ya mwisho kuliangukia adhuhuri, mchanga ukiunguza, nasi tulishinda ndani.

Naipa nyumba hii nyota tatu kati ya tano, na ya nne nitaiongeza siku ngazi zitakapowekewa kilango. Tunakusudia kurudi wakati wa kaskazi, bahari ya kuvukia ikiwa imetulia, na safari hii nilipompigia Bi Mkubwa nilimwuliza kwanza mwezi utaandama lini, kisha ndiyo nikauliza bei.