Kurasa za MB 2 kwa faili za kusoma tu kwenye Linux: zinafaa, ila kuwasha swichi hakutoshi

Tangu toleo 5.4 la mwaka 2019, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ina chaguo liitwalo CONFIG_READ_ONLY_THP_FOR_FS. Kazi yake ni kuufanya msimbo wa programu iliyo kwenye mifumo ya faili ya ext4, XFS au btrfs ukae kwenye kumbukumbu kwa kurasa (vipande ambavyo kumbukumbu hugawanywa) za MB 2 badala ya KB 4. Ukurasa mmoja mkubwa unashika nafasi ya kurasa ndogo 512. Mwenye hifadhidata au seva ambayo msimbo wake ni makumi ya megabaiti atanufaika. Mwenye programu ya MB 1 asijisumbue: kipande kisichotimia MB 2 hakigeuzwi kabisa.

Faida yote iko kwenye TLB, ile akiba ndogo ya prosesa inayokumbuka tafsiri za anwani. Kwenye Intel Skylake, upande wa maelekezo una nafasi 128 za kurasa ndogo, yaani KB 512 za msimbo basi. Nafasi za kurasa kubwa ni 8 tu kwa kila uzi, lakini hizo 8 zinabeba MB 16. Pima kwanza kwa `perf stat -e iTLB-load-misses`, inayohesabu mara ambazo tafsiri ya anwani ya maelekezo ilikosekana kwenye TLB. Namba ikiwa ndogo, tatizo lako liko kwingine.

Kinachowaangusha wengi ni mpangilio. Tofauti kati ya anwani ya kumbukumbu na mahali msimbo ulipo ndani ya faili lazima igawanyike kwa MB 2 bila baki, na programu iliyolinkiwa (vipande vyake kuunganishwa kuwa faili moja) kwa kurasa za KB 4 itatimiza sharti hilo kwa bahati tu. Linki upya kwa `-Wl,-z,max-page-size=0x200000`, kisha tazama safu ya Align kwenye `readelf -lW`: isome 0x200000. Faili inaweza kuvimba kwa mapengo, ni kawaida. Hata hivyo, mpangilio huo unaheshimiwa wakati wa kupakia kuanzia kerneli 5.10 kwa programu zenyewe, na glibc 2.35 (maktaba ya msingi ya C) kwa maktaba. Chini ya hapo unaweza kulinki vizuri na usipate kitu.

Kikwazo cha pili ni uvivu wa khugepaged, uzi wa kerneli unaokusanya kurasa. Kwa mipangilio ya kawaida hukagua kurasa 4096, yaani MB 16, halafu hulala sekunde 10. Kama kuna GB 64 za kupitia ukurasa kwa ukurasa, mzunguko mmoja ni zaidi ya saa 11! Punguza `scan_sleep_millisecs` au ongeza `pages_to_scan` chini ya `/sys/kernel/mm/transparent_hugepage/khugepaged/`. Faili ya `enabled`, saraka moja juu yake, iwe `always`. Ikiwa `madvise`, programu lazima iombe yenyewe. Kuanzia kerneli 6.1 kuna njia nzuri zaidi: programu iite kerneli kwa wito wa `madvise` wenye MADV_COLLAPSE juu ya msimbo wake, kazi ifanyike papo hapo bila kumsubiri khugepaged mvivu. Kuthibitisha, soma FilePmdMapped ndani ya `/proc/PID/smaps` (PID ni namba ya programu inayoendeshwa). Ikibaki 0, rudi kwenye mpangilio.

Halafu kuna mtego wa kuandika. Mtu akiifungua faili hiyo kwa kuandika, hata asiandike chochote, kerneli hutupa akiba yake yote, na kurasa husomwa upya kutoka diski zikiwa za KB 4. Programu inayoendeshwa inalindwa na kosa la "Text file busy". Maktaba haina ulinzi huo. Kwa hiyo weka toleo jipya pembeni kwenye diski hiyohiyo, kisha `mv`. Kulibandika kwa `cp` juu ya maktaba inayotumika ni kosa hata pasipo kurasa kubwa, maana programu inaweza kuanguka hapohapo.

Gharama ambayo haitajwi sana ni ya usalama. Kerneli huweka programu kwenye anwani ya nasibu ili mshambuliaji asiijue, na kupanga kwa MB 2 kunaondoa biti 9 za unasibu huo: kwenye prosesa za x86-64, 28 za kawaida hubaki 19. Kwa seva ya ndani hilo linavumilika. Kwa huduma inayopokea data ya mtu yeyote kutoka intaneti, na ikajiwasha upya yenyewe kila inapoanguka, majaribio 524,288 ya kukisia anwani si mengi.