Nililipia daktari kila mwezi, kikohozi cha mama kikabaki palepale

Nina hasira, na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Nilimlipia mama kifurushi cha mwezi cha ile huduma ya kuzungumza na daktari kwa simu. Unaandika saa yoyote, unajibiwa. Na kweli wanajibu haraka, hilo siwanyimi.

Mama alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu cha usiku, kinamkalisha kitandani mpaka alfajiri. Daktari wa kwanza akaandika dawa ya maji. Wiki kadhaa baadaye wa pili, asiyejua lolote kuhusu wa kwanza, akaandika antibayotiki. Wa tatu akaandika nyingine. Kila mmoja ananianzisha upya: umri, jinsia, tatizo nini. Huyo wa tatu nikamwomba, "Samahani daktari, naomba usome na walichoandika wenzako." Yakaja haya: "Muda wa mazungumzo umekwisha. Tupatie nyota." Mama yuko ubavuni mwangu anakohoa!

Aliyetusaidia ni mfamasia, dirishani, bila malipo. Swali moja tu: "Mama anatumia dawa gani ya presha?" Enalaprili. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachopandisha presha, lakini kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja bradikinini, kemikali ya mwilini, na bradikinini ikirundikana mtu anaweza kukohoa hivyo. Limeandikwa hadi kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Akatuelekeza turudi kwa daktari, mama akabadilishiwa, akapewa losatani, dawa nyingine ya presha. Wiki chache, kikohozi kimeisha.

Nilitaka kusema msijiunge kabisa. Ila nilijiunga kwa nini? Kwa sababu hospitali mama alipanga foleni tangu asubuhi apate dakika 5, na aliyemwandikia enalaprili hakuwa na muda wa kumwambia kuwa inakohoza. Foleni ile ndiyo inayowaletea hawa wateja. Kwa mtu anayetaka tu kuelezwa majibu ya kipimo, huenda huduma ikamfaa. Huenda.

Hapana, nalirudisha neno hilo. Daktari wa sasa anataka orodha ya antibayotiki zote alizomeza mama. Nimefungua programu: kumbukumbu zimefungwa mpaka nilipie mwezi mwingine. Kumbukumbu za mwili wa mama yangu! Nimewaandikia mara 3, kimya. Nyota ni moja, na haiongezeki mpaka faili la mama lifike mkononi mwangu.