Mafunzo ya Ndoa Kanisani: Mazuri kwa Wachumba, Pungufu kwa Anayepigwa

Makanisa mengi ya Nairobi hayafungishi ndoa kabla ya wachumba kupitia mafunzo maalumu, na mimi na mchumba wangu tulijiandikisha katika kanisa moja lililo kando ya Barabara ya Jogoo, ambalo sitalitaja kwa sababu wengi wanaofundisha huko wanajitolea bila malipo. Ada ni shilingi 2,000 kwa wachumba wawili, ikiwa ni pamoja na kijitabu na chai. Madarasa hufanyika Jumamosi asubuhi, na wasimamizi wa ndoa hutakiwa kuhudhuria baadhi yake. Mada za bajeti, wakwe na malezi zilifundishwa vizuri, ingawa mwalimu wa bajeti alirudi mara kwa mara kwenye habari za ploti yake ya Kangundo.

Kipindi nilichokwenda nikikisubiri ni kile cha ugomvi wa wanandoa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhuriwa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na kwa wale walioolewa, anayetajwa zaidi kuwa mtendaji ni mume. Wengi wa wanawake hao hukutana na mchungaji, padri au imamu wao kila wiki, hali ambayo haiwezi kusemwa kuhusu polisi wala wakili.

Mchungaji aliyeongoza kipindi hicho alifanya mambo mawili ambayo nayasifu bila kusita. Kwanza, aliposoma Waefeso sura ya 5 alianzia aya ya 21, inayowataka wote wawili wanyenyekeane, badala ya kurukia aya ya 22 ambayo wanaume wengi wanaikariri kwa moyo, kisha akawaeleza wanaume waziwazi kwamba mume anayeinua mkono hana andiko la kujifichia. Pili, alituita mmoja mmoja ofisini, mlango ukiwa umefungwa na mwenzako akiwa uani. Maswali yake yalikuwa ya moja kwa moja: je, huyu amewahi kukushika kwa nguvu, anakagua simu yako, anakuzuia kwenda kwa ndugu zako, kadi yako ya benki iko mikononi mwa nani? Sijawahi kusikia kiongozi wa dini akiuliza kuhusu kadi ya benki, na nadhani swali hilo peke yake lilistahili ile ada yetu.

Kasoro ilijitokeza wiki iliyofuata, zamu ilipokuwa ya mzee wa kanisa na mkewe. Dada mmoja aliuliza afanye nini iwapo atapigwa baada ya harusi, na mama yule akamjibu kwa upole, "Mwanangu, omba, vumilia, usiyatoe nje mambo ya nyumbani. Mkishindwa, njooni tuwaketishe pamoja." Upole haukuwa na shaka, lakini ushauri wenyewe ni wa hatari. Mke anayeketishwa mbele ya mtu anayemwogopa atasema kile ambacho mtu huyo anataka kukisikia, kisha watarudi nyumbani kwa matatu moja, naye huko ataulizwa kwa nini amemwaibisha mumewe mbele ya wazee. Usuluhishi unawafaa watu waliokosana. Mtu anayepigwa anahitaji kwanza kuwa mahali salama. Hata Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, inaagiza mwamuzi kutoka jamaa ya mume na mwingine kutoka jamaa ya mke, kwa hiyo mwanamke angalau ana mtu wa upande wake.

Sheria nayo haiwafungi wanandoa kwa wazee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta upatanisho kanisani, lakini ni ruhusa tu, na sheria hiyohiyo inahesabu ukatili wa mwili au wa akili kuwa sababu ya kuvunja ndoa. Sheria ya mwaka 2015 dhidi ya dhuluma za nyumbani inampa mke au mume haki ya kuiomba mahakama amri ya ulinzi, na dhuluma inazozitaja ni pamoja na za kiuchumi na zile za kimapenzi ndani ya ndoa. Kijitabu tulichopewa kina aya za Biblia, nyimbo na ratiba ya harusi, lakini hakina neno hata moja kuhusu sheria hizi, fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha), wala nambari 1195, inayopigwa bila malipo saa zote na waliodhulumiwa. Ukurasa mmoja ungetosha, na mashine ya kutoa nakala iko papo hapo ofisini.

Kwa wachumba, naupendekeza mpango huu, hasa mkibahatika kupangiwa mchungaji badala ya wazee, na mkiweza, ombeni hivyo mapema mnapojiandikisha. Aliye tayari ndani ya ndoa yenye vipigo asiende kuketishwa na mwenzake: aanzie hospitali, dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi au 1195, na kama anamwamini mchungaji wake, amwombe amsindikize huko.