Madirisha ya nyumba za kale Place des Vosges: kukarabati au kuweka mapya?

Nyumba za matofali mekundu na mawe zinazouzunguka uwanja wa Place des Vosges, Paris, uliozinduliwa 1612, zinalindwa kisheria. Kwa hiyo kibali hutangulia fundi.

Uozo ukiwa chini tu, kukarabati mara nyingi ni nafuu. Fundi hukata kipande kibovu, huunga mbao ya mwaloni, kisha hushikiza kioo kwa pati (kinamo cha kuzibia) ya mafuta ya kitani. Pati hiyo ikipasuka, maji hutuama kwenye ubao wa chini, na uozo huanzia hapo hapo. Ikague kila mwaka.

Dirisha jipya la mbao lenye vioo viwili hushinda kwa kuzuia baridi. Ila vioo vizito hudai fremu nene, sura ya jengo hubadilika, na maombi hukwama. La plastiki usilifikirie kabisa. Tena muhuri unaoziba kingo za vioo viwili ukichoka, ukungu huingia katikati ya vioo, na dawa ni kubadilisha kioo kizima.

Kero yako ni kelele? Bakiza la zamani, weka la pili kwa ndani, sentimita 10 au zaidi kutoka la kwanza. Fremu ikiwa imeoza juu hadi chini, au si ya kihistoria, omba kibali cha jipya.